Jina Usiloweza Kulisoma

Katika Unix, na katika Linux iliyofuata mkondo wake, jina la faili linakatazwa vitu viwili tu: alama ya mkwaju, kwa sababu ndiyo inayotenganisha folda na folda, na baiti ya sifuri, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mwisho wa jina. Kingine chochote ni ruhusa. Unaweza kuliita faili lako kwa Kichina, kwa Kiamhari au kwa herufi ulizojibunia mwenyewe, na mfumo hautauliza kitu. Hauulizi kwa sababu hausomi. Kwake jina ni msururu wa baiti, kama bahasha ambayo tarishi anaipokea hapa na kuikabidhi pale bila kujua imeandikwa nini ndani.

Kwa muda mrefu niliuona msimamo huo kuwa ndio ukarimu wenyewe. Siku hizi nauona kuwa nusu ya ukarimu, na ninachotaka kukifikiria hapa ni ile nusu nyingine. Swali lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta: una wajibu gani kwa jina la mtu ambalo wewe huwezi kulisoma?

Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta, na sehemu ya kazi yangu imekuwa kuongeza uwezo wa Unicode katika programu ndogo ya mteja wa mfumo wa mafaili wa mtandao. Kwa lugha ya kawaida ni hivi. Kuna kompyuta moja, seva, iliyohifadhi mafaili. Kuna nyingine, mteja, inayotaka kuyaona mafaili hayo kana kwamba yamo kwenye diski yake yenyewe. Kati yao kuna waya, na kuna itifaki iitwayo SMB, iliyozaliwa IBM miaka ya 1980 na baadaye ikawa ndiyo njia ya Windows ya kushirikiana mafaili. Mteja akiomba orodha ya vilivyomo katika folda, seva humtumia majina. Lakini jina haliendi kama sauti, wala haliendi kama picha. Linakwenda kama namba, na kila upande lazima uwe na jedwali la kugeuza namba kuwa herufi. Majedwali yasipofanana, jina linaondoka likiwa zima na kufika likiwa limevunjika.

Jedwali maarufu kuliko yote ni ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963. Lina nafasi 128, na kati ya hizo 95 tu ndizo za alama zinazoonekana, nafasi tupu ikiwemo. Kiingereza kinaenea humo. Baadaye yakaja majedwali ya nafasi 256, na lililoenea zaidi Ulaya Magharibi ni lile la Latin-1. Ndani ya Latin-1 mna kiwimbi juu ya a na juu ya o kwa ajili ya Wareno, na juu ya n kwa ajili ya Wahispania. Juu ya i na juu ya u hakuna. Wakikuyu na Wakamba huziandika ĩ na ũ katika kila mstari, kwa sababu lugha zao zina irabu saba pale ambapo Kiswahili kina tano. Kiwimbi kilikuwepo mezani, i na u zilikuwepo mezani. Hakuwepo mtu wa kusema kwamba kuna mahali duniani zinakutana.

Chukua neno la Gĩkũyũ lenye maana ya mtu: mũndũ. Likiandikwa kwa UTF-8, kila ũ inachukua baiti mbili. Mashine inayodhani inasoma Latin-1 itaziona baiti hizo kuwa herufi mbili tofauti, na neno litatokea hivi: mÅ©ndÅ©. Ile alama ya pili ndiyo ile wanayoiweka mbele ya jina la mwenye hakimiliki. Mashine nyingine, yenye busara kidogo, itatambua kwamba imekutana na herufi isiyo nayo, na mahali pake itaweka kiulizi: m?nd?. Tumezizoea alama hizi kiasi kwamba tunazipita kama mtu anayepita shimo la barabarani alilolizoea.

Programu niliyokuwa nikiifanyia kazi inahudumia hifadhi ndogo ya rekodi za sauti: wazee kwa wazee, wengine wakisimulia kwa Gĩkũyũ, wengine kwa Kikamba, wachache kwa Kiswahili. Kila faili limepewa jina la msimulizi. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu makini na asiyependa kupoteza muda, alinishauri mapema: waambie waondoe vile viwimbi, kazi iishe. Alikuwa na hoja, na sitaki kuidharau. Wakikuyu wenyewe, alisema, wanaandikiana ujumbe wa simu kila siku bila viwimbi, na wanaelewana. Vitambulisho vyao vingi havina viwimbi. Kwa nini kompyuta iwe na heshima kuliko wenyewe?

Nilikaa na hoja hiyo kwa siku kadhaa, kwa sababu ni ngumu kuliko inavyoonekana. Jibu nililolifikia ni hili. Mtu akijifupisha jina, hilo ni lake. Rafiki yangu akitaka nimwite kwa herufi mbili za mwanzo, nitamwita hivyo. Ila nikimfupisha mimi kwa sababu ulimi wangu umechoka, tendo limebadilika ingawa matamshi ni yale yale. Anayeacha kiwimbi kwenye simu anajua kipo na anaweza kukirudisha kesho. Programu inayokivua haimwachii nafasi ya kukirudisha. Tena inakivua kimyakimya, kiasi kwamba miaka kumi baadaye hakuna atakayejua kama kiliachwa na mwenye jina au kiliondolewa na mashine.

Hapa wasemaji wa Kiswahili tuna jambo la kujiuliza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi katika jambo hili tumeshiba. Kiswahili tunachoandika leo kinaenea karibu chote ndani ya ASCII. Sauti zetu zisizo na herufi moja ya Kilatini tumeziandika kwa kuunganisha herufi: dh, gh, ny, sh. Hata ng' inahitaji kidole kimoja zaidi tu kwenye kibodi. Kwa hiyo programu ya kale isiyojua Unicode hufanya kazi nasi bila kelele, na tunaona kwamba haina tatizo.

Lakini shibe hii si ya maumbile. Kwa karne kadhaa kabla ya hapo Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na waandishi wa pwani waliongeza nukta na alama ili zibebe sauti ambazo Kiarabu hakina. Ilipoundwa mwaka 1930 kamati ya kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki chini ya Waingereza, tahajia iliyosanifiwa ilikuwa ya Kilatini, na bila viwimbi. Hakuna aliyekuwa akifikiria kompyuta. Hata hivyo, uamuzi ule ndio uliotupa tiketi ya kuingia katika jedwali la Kimarekani miaka 33 baadaye. Utenzi uliopigwa picha leo, ukipewa jina la faili kwa hati ile ile ya mwandishi wake, utapata taabu ile ile ya mũndũ: jedwali la Kiarabu la ISO, lile la 8859-6, halina herufi za p, ch wala g. Na hata tahajia yetu ya sasa haiko salama kabisa. Andika ng'ombe katika programu ya kuandikia nyaraka, nayo inaweza kukugeuzia ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, ambayo haimo katika ASCII. Kisha tafuta faili lako kwa alama iliyonyooka. Huenda usimwone ng'ombe.

Hoja ya pili dhidi ya kazi yangu ilitoka kwa wanafunzi wenzangu. Jina la faili, walisema, si jina la mtu. Ni lebo tu. Yape mafaili namba, weka majina mazuri katika jedwali la pembeni, mashine iridhike na watu waridhike. Ni ushauri mzuri kwa maktaba kubwa yenye wafanyakazi. Kwa watu wengine wote, jina la faili ndiyo njia pekee ya kukiita kitu chao kije. Na hapa kiulizi kinafanya jambo baya kuliko kuharibu sura. Windows hairuhusu kiulizi ndani ya jina la faili, maana kwake ni alama ya kutafutia, yenye maana ya herufi yoyote moja. Mteja akikuonyesha m?nd? nawe ukabofya, anairudishia seva jina ambalo haliwezi kuwepo. Faili unaliona kwenye orodha, lakini huwezi kulifungua, kulihamisha wala kulifuta. Ni kama kumwona mtu ng'ambo ya mto na kukosa jina la kumwita.

Tena kiulizi kinaua tofauti. Kĩ na kũ ni silabi mbili katika Gĩkũyũ, na zote mbili zinakuwa k?. Watu wawili wenye majina yaliyotofautiana kwa irabu hiyo moja wanakuwa mtu mmoja, na pale mafaili yanaponakiliwa, la pili laweza kukalia kiti cha la kwanza na kulifuta. Huwezi kuita hilo suala la urembo.

Basi programu ikutane vipi na herufi isiyoijua? Nimeona tabia tatu, nazo ni tabia za watu pia. Ya kwanza ni kubahatisha: kuweka inayofanana, u mahali pa ũ, na kuendelea kwa uso mkunjufu. Ya pili ni kukataa wazi: siwezi kulibeba jina hili, nenda ukalitafutie njia nyingine. Ya tatu ni kulibeba kwa sura mbaya bila kulipoteza. Linux ina mfano wa hii ya tatu katika mfumo wa mafaili wa vfat, ule wa diski za mkononi: ukiwasha chaguo moja, herufi isiyojulikana huandikwa kwa nukta mbili na namba yake ya Unicode. Herufi ũ inakuwa :0169. Si nzuri machoni, ila hakuna kilichopotea, na mwenye jedwali sahihi anaweza kuirudisha.

Adabu ya kila siku inatusukuma kwenye ile ya kwanza. Tunaona haya kusema hatujui jina la mtu, tunaguna kitu kinachokaribia na kutabasamu. Mimi nimefikia kuamini kwamba katika tatu hizi kubahatisha ndiyo mbaya zaidi, hasa kwa sababu ndiyo yenye adabu zaidi. Anayekataa anakuachia jina lako likiwa zima, na pia anakuachia hasira yako, ambayo ni haki yako. Anayebahatisha anachukua vyote viwili, maana hata kulalamika huwezi kwa kitu usichojua kimechukuliwa.

Ungeweza kusema basi turudi kwa tarishi wa Unix: beba baiti zote, usisome, usiguse. Kwa bahati mbaya tarishi naye ana kikomo. Unicode, ambayo leo ina herufi na alama zaidi ya 150,000, inakubali njia mbili za kuandika ũ. Unaweza kuiandika kama herufi moja iliyokamilika, au kama u ikifuatwa na kiwimbi kinachopanda juu yake. Machoni ni kitu kimoja. Kwa baiti ni vitu viwili. Apple katika mfumo wake wa HFS+ ilichagua kuyahifadhi majina yakiwa yametenganishwa, huku kibodi za Windows na Linux kwa kawaida zikitoa herufi iliyokamilika. Tarishi asiyesoma atakubali mũndũ wawili katika folda moja, na mama anayetafuta faili lake ataambiwa halipo ilhali analiona. Kutomsoma mtu kabisa si sawa na kumheshimu.

Njia niliyoona ina haki zaidi niliikuta katika mfumo wa mafaili wa ZFS. Ukiuagiza ulinganishe kwa kuelewa, unahifadhi jina kama lilivyokuja, bila kuligusa, na unapolitafuta ndipo unapozileta sura zote mbili kwenye kipimo kimoja. Hifadhi kama ulivyopewa, linganisha kwa kuelewa. Naona kanuni hiyo inatufaa hata nje ya kompyuta. Mtu akikuambia jina lake, uelewa wako utumie kumtambua kila anapokuja. Usiutumie kumsahihisha.

Wajibu huu unagharimu, na ni haki kuitaja gharama. SMB hupeleka majina ya Unicode kwa baiti mbilimbili, na m inakwenda kama 6D ikifuatwa na sifuri. Programu za lugha ya C huchukulia sifuri kuwa mwisho wa neno, kwa hiyo msimbo wa kale ukipokea mundu unasoma m na kufunga kitabu. Kila mahali palipopimwa urefu wa jina lazima papimwe upya. Hata katika majedwali ya kale mlikuwa na mitego: katika Shift-JIS ya Wajapani, baiti ya pili ya baadhi ya herufi ni ile ile ya mkwaju wa nyuma, ambao kwa SMB ndio unaotenganisha folda, na programu isiyoangalia iliikata herufi katikati ikidhani imefika mlangoni. Ken Thompson na Rob Pike walipoibuni UTF-8 mwezi Septemba 1992, kwenye karatasi ya mezani katika mkahawa huko New Jersey, walihakikisha kwamba hakuna herufi kubwa inayoficha mkwaju ndani yake. Hata jina la kwanza la msimbo huo lilitaja usalama wa mifumo ya mafaili.

Windows NT ilianza kuhifadhi majina kwa Unicode mwaka 1993. Samba, programu huria inayowezesha mashine za Unix kuzungumza SMB, ilianza kuyapitisha majina ya Unicode kikamilifu katika toleo la 3.0 mwaka 2003. Kwa miaka kumi hivi, seva nyingi zilikuwa na jina kamili na aliye upande wa pili hakuwa na njia ya kulipokea. Sioni wa kumlaumu. Wengi wa walioandika msimbo ule walikuwa wakijitolea, na walitatua kwanza matatizo yaliyokuwa mbele ya macho yao. Lakini kukosekana kwa mkosaji hakufuti deni. Tumezoea kufikiri kwamba wajibu huanzia kwa aliyeharibu. Kuna wajibu mwingine unaoanzia kwa aliyeona: ukishajua kwamba mteja wako anakata majina ya watu, na unao uwezo wa kurekebisha, kuendelea kuuacha ni uamuzi wako sasa, hata kama hukuuanzisha.

Msimamizi wangu alikubali mwishowe, si kwa falsafa bali kwa orodha ya hitilafu. Katika kutenganisha baiti na herufi tulikuta mahali panne ambapo urefu wa jina ulipimwa vibaya, na palikuwa vibaya hata kwa majina ya Kiingereza. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini kuna sehemu ambayo msimbo wangu haukuisaidia. Mkutubi wa hifadhi, mama wa makamo ambaye alishiriki safari za kurekodi, alinionyesha diski ya zamani. Miaka kadhaa nyuma mtu fulani alinakili rekodi kwa programu iliyoweka mstari wa chini mahali pa kila herufi isiyoijua. Majina yalikuwa yamejaa mistari, kama meno yaliyong'oka. Daftari la safari lilitaja idadi ya wasimulizi wa kila kijiji bila majina yao, na ukihesabu, diski ina wasimulizi wawili pungufu ya daftari.

Nilimweleza kwamba kilichoandikwa kuwa mstari hakina kumbukumbu ya kilichokuwa. Hakuna jedwali la kukirudisha.

"Hao wawili, mwanangu, basi wamekwenda," alisema. "Hawa wengine tutawauliza."

Sikumwelewa mpaka alipobofya faili mojawapo. Kabla ya kila masimulizi, mzee alikuwa ameombwa ajitaje. Sauti zote ndani ya mafaili zilikuwa nzima, kwa sababu katika kunakili hakuna programu iliyojaribu kuzielewa. Zilibebwa baiti kwa baiti. Lebo peke yake ndiyo iliyosomwa, na iliyosomwa ndiyo iliyoharibika.

Sasa kila alasiri anaweka visikilizi masikioni, anasikiliza sekunde chache za mwanzo, anasimamisha, kisha anaandika jina lenye viwimbi vyake vyote. Kiwimbi kimoja akikitilia shaka, anairudisha sauti nyuma na kumsikiliza tena mwenyewe akijitaja. Amefika faili la sitini na mbili.